AJALI KAZINI HAIFUNDISHI PASIPO MWENYE KUULIZA

Hotuba iliyosomwa mbele ya viongozi wa matawi na wanachama walio wafanyakazi



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza habari za ada, kura, na ujenzi wa matawi. Leo tumekuja na jambo ambalo mara nyingi hutajwa msibani tu, kisha likasahauliwa baada ya arobaini. Jambo lenyewe ni ajali kazini.

Watu husema: ajali haina kinga. Msemo huu una kazi yake njema msibani, kwa kuwa humtuliza aliyefiwa asizidi kujitesa kwa maswali. Lakini ukiuchukua ukauingiza kiwandani, msemo huo huo hugeuka kuwa ngao ya tajiri. Mtu amekatwa mkono: ajali haina kinga. Mgodi umefukia watu: ajali haina kinga. Ghala limeungua na vibarua ndani: ajali haina kinga. Basi mambo yameishia hapo, na kesho kazi inaendelea kwenye mashine ile ile.

Sisi hatubishani na mapenzi ya Mungu. Mvua ni ya Mungu. Lakini shimo limechimbwa na mtu, na mtu ndiye aliyeamua kwamba mfereji wa kuyaepusha maji usichimbwe. Moto ni moto, lakini kufuli la mlangoni lilifungwa na mkono wa mtu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu. Palipo na mkono wa mtu, pana jambo la kuuliza.

Swali letu la leo ni hili: viwanda hujifunzaje baada ya watu kufa? Jibu letu tunalitanguliza, kisha tutalithibitisha. Kiwanda hujifunza kile kinachoulizwa. Na kinachoulizwa hutegemea ni nani aliyepewa nafasi ya kuuliza.

NGUZO ZA COALBROOK

Tuanze Afrika ya Kusini. Wazee wetu wa Nyanda za Juu za Kusini wanaikumbuka Wenela, ile kampuni iliyowaandikisha vijana kwenda kuchimba dhahabu huko kusini, mpaka Tanganyika huru ilipoukata uandikishaji huo. Kwa hiyo migodi ya kule si habari ya watu wengine tu. Damu yetu nayo ilishuka humo.

Huko Coalbrook, katika jimbo la Orange Free State, palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe. Namna ya kuchimba ilikuwa hii: wachimbaji hutoa makaa, lakini huacha nguzo za makaa yale yale zisimame ili zibebe dari. Nguzo ikiwa nene, dari hukaa. Ikiwa nyembamba, au ikiwa ndefu kupita unene wake, haina nguvu. Hata mtoto ajuaye kujenga kibanda anaelewa hayo.

Makaa yakatakiwa zaidi. Basi wakaanza kukata hata makaa yaliyoko darini, juu ya njia walizokwisha kuchimba. Faida ikaongezeka, kwani makaa yalipatikana bila kufungua sehemu mpya. Lakini kila walipokata juu, nguzo zilizidi kuwa ndefu, na unene wake ukabaki vile vile. Hapakuwa na kipimo cha kuonyesha mwisho wa hatari. Walikuwa wakienda kwa mazoea, na jana paliposhikilia, walidhani na kesho patashikilia.

Mwishoni mwa Desemba 1959 sehemu moja ya mgodi iliporomoka. Hiyo ilikuwa barua iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kazi haikusimamishwa. Jioni ya tarehe 21 Januari 1960 nguzo zikaanza kupasuka, na upepo mkali ukavuma ndani ya njia za mgodi. Baadhi ya wachimbaji walikimbia kuelekea juu, na iliripotiwa kwamba waliamriwa kurudi. Baadaye jioni hiyo hiyo, mamia ya nguzo zilivunjika moja baada ya nyingine, na dari likashuka. Watu 435 walifukiwa, wengi wao Waafrika waliotoka Basutoland, ambayo sasa ni Lesotho, na Msumbiji. Waokoaji walitoboa mashimo kutoka juu ya ardhi kutafuta uhai, wasiupate. Miili haikutolewa, na mpaka leo imelala humo.

Miezi miwili kamili baadaye, tarehe 21 Machi 1960, polisi waliwapiga risasi wananchi huko Sharpeville, si mbali na mgodi ule, wakaua watu 69. Dunia nzima inalijua jina la Sharpeville, na ni haki ijue. Lakini ni wangapi kati yetu humu ukumbini waliopata kulisikia jina la Coalbrook?

JIWE MIAKA 7, MTU MIAKA 36

Sasa ndugu zangu, tutazame mafundisho yaliyotokana na vifo vile, kwa maana hatusemi kwamba hakuna kilichofundishwa. Kilifundishwa, tena vizuri.

Baada ya msiba ule wataalamu walianza kuchunguza nguvu ya nguzo za makaa. Bwana Salamon na Bwana Munro walikusanya habari za sehemu 125 za migodi: 98 ambazo nguzo zake zilisimama, na 27 ambazo nguzo zake zilivunjika. Wakapima unene, urefu na kina cha kila mahali, wakalinganisha zilizosimama na zilizoanguka, na mwaka 1967 wakatoa kanuni ya hesabu. Tangu hapo mtu aliweza kukaa mezani na kalamu akajua kama nguzo itabeba au haitabeba, kabla hajamtuma mwenzake chini yake. Kanuni hiyo ilitumika sana huko na katika nchi nyingine. Tunaisifu kazi hiyo. Hivyo ndivyo elimu inavyopaswa kuwa: hukusanya walioanguka na waliosimama, ikapima, ikaandika, ikawapa wengine.

Lakini palikuwa na swali la pili pale Coalbrook. Je, mchimbaji anayesikia nguzo ikipasuka, ana ruhusa ya kutoka bila kumwomba mtu? Yeye ndiye mwenye sikio karibu na jiwe. Kanuni ya hesabu iko ofisini, mlio wa nguzo uko kichwani pake. Swali hili halikuhitaji hesabu hata kidogo. Lilihitaji haki.

Jibu lake lilichelewa kuja. Mwaka 1967 jiwe lilikwisha kueleweka, lakini mchimbaji Mwafrika alikuwa bado hana kura, na chama cha kumsemea kilizuiliwa. Chama cha wachimbaji kiitwacho NUM kilianzishwa mwaka 1982. Mwaka 1986, katika mgodi wa dhahabu wa Kinross, watu 177 walikufa kwa moshi wenye sumu, baada ya moto wa kuchomelea vyuma kushika povu la plastiki lililopakwa ndani ya njia za mgodi. Mwezi Mei 1995, katika mgodi wa Vaal Reefs, gari-moshi dogo la mgodini lilitumbukia katika shimo refu na kuiangukia lifti iliyojaa wafanyakazi, na watu 104 wakafa. Wakati huo nchi ilikwisha kupiga kura ya watu wote, mwaka 1994, na tume ya uchunguzi iliyoundwa mwaka huo chini ya Jaji Leon ilikuwa imekwisha kukaa. Mwaka 1996 ikatungwa sheria mpya ya afya na usalama migodini. Ndani yake mkaandikwa kwamba mfanyakazi anayo haki ya kuondoka mahali penye hatari, na kwamba wafanyakazi watachagua wawakilishi wao wa usalama.

Hesabuni wenyewe. Toka 1960 hadi 1967 ni miaka 7, na toka 1960 hadi 1996 ni miaka 36. Miaka 7 ilitosha kujifunza habari za jiwe, na habari za mtu zikataka miaka 36. Jiwe si gumu kufundishika. Kilichohitilafiana ni waulizaji. Wenye mgodi walitaka kujua juu ya nguzo, kwa sababu nguzo ikivunjika mali hupotea. Swali la haki ya mchimbaji lilimgoja mchimbaji mwenyewe apate sauti ya kuliuliza.

MLANGO ULIOFUNGWA

Msidhani haya ni ya Afrika peke yake. Tarehe 25 Machi 1911, katika mji wa New York, kiwanda cha kushona mashati cha Triangle kilishika moto. Kilikuwa ghorofa ya nane, ya tisa na ya kumi. Wafanyakazi wengi walikuwa wasichana wahamiaji, Wayahudi na Wataliani. Kwenye ghorofa ya tisa mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa matajiri waliogopa kuibiwa vitambaa. Ngazi za wazima moto zilifika ghorofa ya sita tu. Watu 146 walikufa, na wengi waliruka madirishani mbele ya macho ya watu.

Matajiri wawili wa kiwanda walishtakiwa, wakaachiwa. Kama mambo yangeishia mahakamani, New York isingejifunza kitu. Lakini vyama vya wafanyakazi viliandamana, mikutano mikubwa ikafanyika, na serikali ya jimbo ikalazimika kuunda tume. Tume ile haikukaa ofisini ikingoja barua. Ilizunguka viwandani, ikapanda ngazi, ikajaribu milango, ikasikiliza wafanyakazi kwa mamia. Katika miaka michache zikatungwa sheria nyingi mpya juu ya milango, moto, saa za kazi na ukaguzi. Mama mmoja aliyeushuhudia moto ule kwa macho yake, Frances Perkins, alifanya kazi na tume hiyo, na toka 1933 hadi 1945 alikuwa Waziri wa Kazi wa Marekani. Hiyo ndiyo maana ya kujifunza: aliyeona anafika mahali pa kuamua.

Lakini sikilizeni mwisho wake. Tarehe 24 Novemba 2012, zaidi ya miaka 100 baadaye, kiwanda cha nguo cha Tazreen karibu na mji wa Dhaka, Bangladesh, kiliungua. Watu wasiopungua 112 walikufa, na wengine walipokimbilia milango waliikuta imefungwa. Nguo zilizoshonwa humo zilikuwa zikienda kuuzwa katika nchi tajiri. Kazi ilivuka bahari kufuata mshahara mdogo. Somo la mlango halikuvuka nayo.

Miezi mitano baadaye, tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, huko huko karibu na Dhaka. Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Benki iliyokuwa katika jengo lile iliwaondoa watu wake. Washonaji wa viwanda vya juu waliitwa warudi kazini kesho yake asubuhi. Jengo likaanguka, na watu 1,134 wakafa. Pale palikuwa na ufa mmoja, jengo moja na siku moja, lakini mtumishi wa benki alisikilizwa na mshonaji hakusikilizwa.

Ndipo mwezi Mei 2013 kampuni za nje na vyama vya wafanyakazi zikatia saini mkataba wenye nguvu ya sheria. Kampuni zaidi ya 200 ziliingia. Viwanda zaidi ya 1,500 vilikaguliwa, taarifa za ukaguzi zikatangazwa wazi, na mfanyakazi akatambuliwa kuwa na haki ya kukataa kuingia katika jengo la hatari. Tazama tena, ndugu: elimu ya zege ilikuwapo miaka yote. Kilichoongezwa ni saini ya mfanyakazi.

ONYO LILILOKAA KABATINI

Kuna kazi moja ambayo wengi huisifu kwa kujifunza, nayo ni ya ndege. Sisi pia tunaisifu, na tuone imepataje sifa hiyo.

Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya kampuni ya TWA, ikikaribia kutua Washington, iligonga mlima katika jimbo la Virginia. Watu wote 92 waliokuwamo walikufa. Marubani walikuwa wameelewa kwamba wameruhusiwa kushuka chini, na waongozaji wa ndege walielewa vingine. Katika uchunguzi ikajulikana kwamba wiki sita kabla, ndege ya kampuni nyingine, United, ilikaribia kuugonga mlima ule ule kwa kuelewa vibaya vile vile. Marubani wake walitoa taarifa kwa kampuni yao, na kampuni ikawaonya marubani wake. Onyo likabaki nyumba hiyo, nyumba ya jirani haikulipata. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini utatiaje maji ikiwa mwenzako amenyolewa chumbani, na mlango umefungwa?

Baada ya hapo Wamarekani waliweka utaratibu mpya, mwaka 1976. Rubani, au mfanyakazi mwingine wa ndege, aliyeponea chupuchupu huandika habari yake. Taarifa haiendi kwa wakubwa wenye mamlaka ya kuadhibu. Inapokewa na shirika jingine, NASA, ambalo huondoa majina, hulinganisha taarifa nyingi, kisha hutangaza onyo kwa wote. Maana yake ni mbili. Kwanza, hawangoji mtu afe ndipo wajifunze. Ile nusura yenyewe ni mwalimu. Pili, wamemwondolea msema kweli hofu ya kupoteza kazi.

Yafaa tuulize pia kwa nini watu wa ndege ndio waliotangulia. Rubani anakaa mbele ya ndege hiyo hiyo. Abiria wake ni mawaziri na matajiri. Ikianguka, wanaanguka wote pamoja. Mgodini mwenye mali hakai chini ya nguzo. Ndiyo sababu mgodini na kiwandani sauti ya mfanyakazi haina budi kuwekwa kwa sheria na kwa umoja, kwa kuwa hofu ya mwenye mali haitafanya kazi hiyo peke yake.

"MZEMBE" NI NENO LA NANI?

Sasa turudi kwenye mashine tunazozijua. Tuchukue mfano wa korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Mtu analisha majani, mkono unavutwa, vidole vinakatika. Nyapara anaandika neno moja: uzembe. Daftari linafungwa.

Neno hili lina ukoo. Mwaka 1931, huko Marekani, bwana mmoja wa kampuni ya bima, H. W. Heinrich, alitoa kitabu ambamo alisema kwamba ajali 88 kati ya kila 100 zinatokana na vitendo vibaya vya wafanyakazi wenyewe. Hesabu hiyo ilienea viwandani miaka mingi. Lakini taarifa alizozitumia zilitoka katika madai ya bima na maandishi ya wenye viwanda. Ikiwa nyapara ndiye mwandishi, na mwenye kidole kilichokatika hakuulizwa, basi jibu lilikwisha kuandikwa kabla ya swali.

Sisi tunasema: baada ya neno uzembe, uliza tena. Kwa nini mkono ulifika kwenye meno ya mashine? Kwa sababu kifuniko hakikuwapo. Kwa nini hakikuwapo? Kiliondolewa, maana kilikuwa kikikwamisha majani. Kwa nini hakikutengenezwa kisikwamishe? Fundi aliomba chuma, hakupewa. Kwa nini mashine haikusimamishwa? Kwa sababu mtu analipwa kwa wingi wa kazi, na mashine ikisimama posho inapungua. Tazameni tulikofika. Tulianza na kidole cha mtu mmoja, tumefika kwenye fedha za kampuni na hesabu ya mshahara. Ukiishia kwenye swali la kwanza utamfukuza mtu mwenye vidole vitatu, na kumweka mwingine mwenye vidole vitano mbele ya mashine ile ile.

NYUMBANI KWETU

Ndugu Mwenyekiti, tusiwasute wengine tukajisahau. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Sheria ya viwanda iliyotungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1950 iliendelea kutumika hapa Tanzania Bara mpaka ilipofutwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Bendera ilibadilika, kanuni ya mashine ikangoja miaka zaidi ya 40. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria yao mpya mwaka 2007.

Tena tazameni Mererani, yanakochimbwa madini ya tanzanite. Mwaka 1998 mvua kubwa zilijaza mashimo, na makumi ya wachimbaji wakafa. Mwaka 2002 wachimbaji wengine karibu 40 walikufa chini kwa kukosa hewa. Mwezi Machi 2008 mvua ikarudi, maji yakaingia tena mashimoni, na kwa mara nyingine makumi ya watu hawakutoka. Miaka 10 ilipita kati ya maji ya kwanza na maji ya pili. Maji yalikuwa yale yale, na njia yake ile ile: mashimo yako karibu karibu, na chini kwa chini njia zake hukutana, hata maji yakiingia shimo moja humfuata mtu wa shimo la jirani.

Kwa nini 1998 haikuifundisha 2008? Tumekwisha kusema: nani alikuwa na nafasi ya kuuliza? Wanaapolo wengi walishuka bila mkataba wa kazi, kwa tumaini la mgawo siku jiwe likipatikana. Mtu wa namna hiyo hana daftari la kuandikwa jina lake, hana chama cha kumsemea, wala hana siku ya malipo atakayoikosa tajiri akimfukuza. Akifa, shimo linamezwa na kimya.

Na tusiseme hatuna uwezo. Ukuta wa Mererani, wenye urefu wa kilometa 24.5, ulijengwa kwa miezi michache na vijana wa majeshi yetu, ukazinduliwa mwezi Aprili 2018, ili madini yasitoroshwe. Hatusemi ukuta ni mbaya. Mali ya taifa haina budi ilindwe. Tunachosema ni kwamba taifa linaloweza kulizungushia jiwe ukuta wa kilometa 24.5 linaweza pia kumchimbia mtu mfereji wa kuyazuia maji.

Wako watasema: sisi ni maskini, kwanza viwanda, usalama baadaye. Tunawajibu hivi. Mkono uliokatika hauna baadaye. Mfanyakazi aliyeumia anarudi kijijini, na kijiji ndicho kinachomlisha. Basi kijiji maskini ndicho kinachomlipia tajiri gharama ya kifuniko alichokataa kukinunua. Ndiyo maana tunaushukuru Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa sheria ya mwaka 2008, na mchango wake hutolewa na mwajiri, haukatwi katika mshahara. Lakini fidia ni kitanda cha mgonjwa. Sisi tunataka watu wasiugue.

KAZI YA TAWI

Tusiondoke hapa na maneno matupu. Tunapendekeza kila tawi lenye wafanyakazi lifanye mambo haya.

Kwanza, liwe na daftari la ajali na nusura. Gunia lililoanguka karibu na kichwa cha mtu liandikwe, hata kama halikumgusa. Siku, saa, mahali, na kilichosemwa kabla. Jina la mtu si lazima.

Pili, mwakilishi wa usalama kazini achaguliwe na wafanyakazi wenyewe, tena awe mtu anayeijua mashine kwa mikono yake. Asiwe shemeji wa msimamizi.

Tatu, kila ajali ikitokea, mtu wa kwanza kuulizwa awe aliyekuwapo. Taarifa ikitoka, isomwe kwa sauti mbele ya wafanyakazi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na ipelekwe kwa matawi ya viwanda vingine vya kazi ile ile. Taarifa isiyosomwa ni msiba wa pili.

Nne, anayesimama na kusema hapa pana hatari, asisimame peke yake. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, na mwezi Juni 2022 shirika hilo lilihesabu mazingira salama ya kazi kuwa miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi. Haya ni maandishi mazuri. Lakini maandishi yako Geneva, na nyapara yuko hapa. Katikati yao pawe na umoja wetu.

Tano, na sisi tujitazame. Mfanyakazi anayekuja kazini amelewa, anayeivua kofia ya chuma kwa ajili ya joto, anayeondoa kifuniko cha mashine ili amalize mapema, anahatarisha maisha ya jirani yake. Anayedai haki ya kuuliza awe tayari kuulizwa.

Sita, tusipime kwa rangi ya tajiri. Dari linaloanguka haliulizi mgodi ni wa mgeni au wa mzalendo, wa shirika la umma au wa ushirika wetu wenyewe. Kiongozi wa chama akiwa na kiwanda, daftari lake likaguliwe kwanza.

Ndugu zangu, wale 435 wa Coalbrook walisikia nguzo zikilia. Walikuwa wanajua. Kilichowafukia ni makaa, na pia ile amri kwamba wao si watu wa kuuliza. Sisi tulidai uhuru ili amri ya namna hiyo isipate tena wa kuitii. Basi kesho mkifika kazini, tazameni nguzo, tazameni milango, tazameni kamba na vifuniko, kisha ulizeni, na mkishauliza, andikeni.

Uhuru na Kazi!